Kadi ninayo, ada nalipa: mbona sijawahi kumpigia kura mgombea urais wa chama changu?

Msomaji mmoja wa Kilosa ameandika hivi: "Shikamoo. Mimi ni mwanachama wa CCM tangu 2012, na ada nalipa. Mwaka 2015 nilipiga kura ya maoni ya mbunge na diwani hapa kwetu. Lakini kwa urais sijawahi kuitwa popote, nasikia tu redioni kwamba jina limepita Dodoma. Nani hasa anamchagua? Na inakuwaje mtu anayejaza viwanja anakatwa jina mapema, hata kura moja hajapigiwa? Naomba unieleze taratibu zenyewe, usinipe siasa."

Marahaba, ndugu. Mgombea urais wa CCM huchaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa, yaani wajumbe wapatao elfu mbili wa nchi nzima. Lakini wajumbe hao huletewa majina matatu tu, na hayo matatu yanatoka kwenye majina matano yaliyoteuliwa na kikao kidogo zaidi. Hukuitwa kwa sababu utaratibu wenyewe haukuiti. Kura yako ya urais, kwa kadiri ilivyopo, uliipiga miaka kama mitatu kabla, siku tawi lenu lilipochagua viongozi wake. Wanachama wengi siku hiyo huwa shambani au sokoni, wakidhani ni uchaguzi wa watu wadogo.

Kwanza tujue kwa nini uteuzi wa chama una uzito mkubwa hivi. Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa haki, lakini kifungu hakijabadilishwa. Kwa hiyo mlango wa chama ndio mlango pekee, na anayefungiwa hapo itabidi atafute chama kingine.

Sasa hatua zenyewe. Nitatumia mwaka 2015 kama mfano, kwa sababu ndio mwaka wa karibuni ambao mbio zilikuwa wazi kweli na kila ngazi ilifanya kazi yake mbele ya macho ya watu.

Mtia nia huchukua fomu makao makuu ya chama Dodoma na kulipa ada, ambayo mwaka ule ilikuwa shilingi milioni moja. Kisha anaingia barabarani kutafuta wadhamini, wanachama 450 kutoka mikoa 15, Bara na Zanzibar. Huenda hapa ndipo ulipomwona mtia nia kwa macho yako. Anafika ofisi ya CCM ya wilaya, wanachama wamejipanga na kadi mkononi, jina linaandikwa, namba ya kadi inaandikwa, mtu anasaini, na uongozi wa wilaya unathibitisha kuwa huyu ni mwanachama hai. Ukimdhamini mtu hujampigia kura. Umesema tu kwamba anastahili kufikiriwa. Mwaka 2015 wapo waliodhaminiwa na watu wengi kupita kiasi, na Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, aliwapita wote kwa umati, lakini kanuni haiongezi alama kwa wadhamini wa ziada. Mwenye 450 na mwenye laki kadhaa wako sawa mbele ya kikao. Makada wengi hawakulielewa hilo, wakahesabu foleni za wadhamini kama kura, na uchungu wao ukawa mkubwa zaidi majina yalipotoka.

Makada 42 walichukua fomu mwaka ule, 38 wakarudisha. Fikiria mzigo huo: mawaziri wakuu wa zamani, mawaziri waliokuwa kazini, mabalozi, majaji na watu ambao hawajawahi kushika nafasi yoyote kubwa, wote kwenye orodha moja. Mkutano wa watu elfu mbili hauwezi kusikiliza watu 38 na kupata mshindi mwenye zaidi ya nusu ya kura. Lazima pawe na chujio, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni jinsi chujio lenyewe linavyofanya kazi.

Majina huanzia kwenye kikao cha usalama na maadili. Kinapitia mwenendo wa kila mmoja: ana kesi, ana tuhuma za rushwa, alianza kampeni kabla ya muda? Hilo la mwisho halikuwa jambo la mzaha. Februari 2014, zaidi ya mwaka mzima kabla ya fomu kutoka, chama kiliwapa makada sita onyo kali na kuwaweka chini ya uangalizi kwa miezi 12 kwa kuanza kampeni mapema: Lowassa, Frederick Sumaye, Bernard Membe, Stephen Wasira, January Makamba na William Ngeleja. Kutoka hapo mapendekezo huenda Kamati Kuu, na Kamati Kuu ndiyo inayobakiza majina matano.

Ndugu yangu, urais wa nchi hii huamuliwa zaidi katika chumba hicho kuliko katika ukumbi wowote wenye nyimbo na vitenge. Kamati Kuu ya mwaka ule ilikuwa na wajumbe wasiofika arobaini, chini ya Mwenyekiti wa chama, Rais Jakaya Kikwete. Chama kina orodha ya sifa za mgombea, kama uadilifu, elimu ya chuo kikuu, uzoefu wa uongozi, na kutotumia nafasi kujilimbikizia mali. Sifa nzuri zote. Lakini hakuna maksi zinazobandikwa ukutani. Anayekatwa haambiwi hadharani ni sifa ipi iliyompungukia, na mwanachama wa Kilosa haambiwi pia. Watia nia 33 waliachwa kwa mkupuo mmoja usiku wa tarehe 10 Julai. Waliobaki ni Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli.

Lowassa hakuwamo. Usiku uleule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari na kujitenga na uamuzi huo. Katika chama kilichozoea kutunza siri za vikao, hilo lilikuwa tukio kubwa, na ni mara chache mwanachama wa kawaida amepata kuona kwamba mle ndani watu hawakuwa na kauli moja. Kesho yake Halmashauri Kuu ya Taifa, kikao kinachopunguza majina matano kuwa matatu, ilipokutana, Mwenyekiti alipoingia ukumbini baadhi ya wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa. Lakini ajenda haikuwa na jina la Lowassa. Mjumbe aliletewa majina matano, na uwezo wake uliishia kwenye hayo matano. Ndiyo sababu mtu anayejaza viwanja anaweza kukatwa hata kura moja hajapigiwa: viwanja havina mjumbe ndani ya Kamati Kuu.

Kura ya Halmashauri Kuu inafundisha jambo ambalo watu wengi hawalitazami. Matokeo yalikuwa Magufuli 290, Amina Salum Ali 284, Migiro 280, Makamba 124 na Membe 120. Jumlisha unapata 1,098, ambayo ni 366 mara tatu. Maana yake kila mjumbe alichagua majina matatu kati ya matano. Sasa tazama pengo. Watatu wa juu wamepishana kwa kura kumi tu, kisha shimo la zaidi ya kura 150 hadi wa nne. Kura haziangukii hivyo zenyewe. Kuna kundi kubwa la wajumbe, zaidi ya mia moja, lililoweka alama kwenye majina yaleyale matatu. Tafsiri iliyozagaa Dodoma ni kwamba waliokasirishwa na kukatwa kwa Lowassa walikuwa tayari kwa yeyote isipokuwa Membe, waliyemwona kama mtu aliyeandaliwa, na mimi nikizitazama namba naona tafsiri hiyo ina mantiki. Mfumo wa kura tatu unampa mjumbe nguvu ya kumzuia asiyemtaka kuliko nguvu ya kumpandisha anayemtaka. Hivyo kikao kilichonyimwa mtu wake bado kilipata njia ya kuamua, na kwa njia hiyo akapita waziri wa ujenzi ambaye wachache walikuwa wamemweka mstari wa mbele.

Mkutano Mkuu ulifuata. Pale kila mjumbe ana kura moja ya siri, na mshindi anatakiwa kuvuka nusu. Magufuli alipata 2,104, Amina 253, Migiro 59. Asilimia 87 hivi. Ukisikia namba kama hiyo redioni utadhani wajumbe walikuwa na kauli moja tangu nyumbani kwao, na sivyo. Wajumbe wengi walifika Dodoma wakiwa kambi ya huyu na kambi ya yule, na watu wa kambi zao wakakatwa ngazi ya Kamati Kuu au ya Halmashauri Kuu. Ilipofika zamu yao makundi yalikuwa yamevunjwa na vikao vya juu, wao wakaunganisha kura.

Mkutano Mkuu haukuwa hivyo siku zote. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja, wajumbe waliletewa Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, wakarudia wawili wa juu: Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ya kura 47! Hapo mjumbe mmoja mmoja alikuwa na thamani. Basi moja la wajumbe likiharibikia njiani, historia ya nchi ingeweza kuwa nyingine. Mwaka 2005 katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, Kikwete aliibuka na kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya, na Sumaye, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, hakuwamo hata kwenye tatu bora. Kwa hiyo utaratibu huohuo wa tano, tatu, mmoja unaweza kutoa ushindani mkali au ushindi wa kishindo, kutegemea vikao vya juu vimebakiza nani.

Kuna hali nyingine ambayo inafuta karibu hatua zote hizi: Rais aliyepo anapoomba muhula wa pili. Ni desturi ya CCM kwamba hapingwi. Mwaka 2020 Magufuli alikuwa peke yake, akapata kura zote 1,822. Januari 2025 mambo yalikwenda mbali zaidi. Mkutano Mkuu Maalumu uliokaa Dodoma ulipitisha azimio la kumteua Samia Suluhu Hassan kugombea Muungano na Hussein Mwinyi kugombea Zanzibar, huku Emmanuel Nchimbi akitajwa kuwa mgombea mwenza, miezi kadhaa kabla ya muda ambao kwa kawaida fomu hutolewa. Yapo maoni kwamba Mkutano Mkuu ni kikao cha juu kabisa na kinaweza kuamua kitakavyo. Ni kweli kwamba ni kikao cha juu. Lakini ratiba ya fomu, wadhamini na vikao ndiyo nafasi pekee ambayo mwanachama wa tawi anapata kumwona anayeomba, kumsikia na kumdhamini au kumkataa. Ikirukwa, hata ile ladha ndogo uliyoipata 2015 haipo, na mimi naona hiyo ni hasara kwa chama kabla haijawa hasara kwa mtu yeyote.

Niguse Zanzibar, maana watu huchanganya. Mgombea urais wa Zanzibar hapelekwi kupigiwa kura na Mkutano Mkuu kwa utaratibu wa kawaida. Kamati Maalumu ya Halmashauri Kuu ya Zanzibar hupitia majina na kupeleka mapendekezo, Kamati Kuu inachuja, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa inapiga kura na kumaliza. Mwaka 2020 Hussein Mwinyi alipata kura 129, Khalid Salum Mohamed 19 na Shamsi Vuai Nahodha 16. Kura 164 kwa jumla. Linganisha na 366 za mwaka 2015, utaona kitu kingine: Halmashauri Kuu imepunguzwa. Mageuzi ya 2017 yaliishusha kutoka wajumbe 388 hadi chini ya 170, na Kamati Kuu kutoka 34 hadi 24. Hoja ilikuwa kubana matumizi na kuondoa vikao vizito visivyo na tija. Sawa. Lakini kabla ya hapo, tangu 2012, wajumbe wa Halmashauri Kuu waligombewa hadi ngazi ya wilaya, na wilaya kama yenu ilikuwa na mtu wake mle ndani. Sasa nafasi hizo zinagombewa mkoani. Mikono inayoshika chujio imepungua, na iko mbali zaidi na tawi.

Usidhani vyama vingine vimefungua mlango wote. Chadema mwaka 2020 Baraza Kuu lilipiga kura, Tundu Lissu akapata 405 na Lazaro Nyalandu 36, kisha Mkutano Mkuu ukathibitisha. Nao ni wajumbe, si wanachama wote. Na kanuni za ndani si karatasi tu. Agosti 2025 ACT-Wazalendo walimpitisha Luhaga Mpina siku chache baada ya kuhamia kwao kutoka CCM. Msajili wa Vyama vya Siasa akautengua uteuzi kwa hoja kwamba hakutimiza muda wa uanachama uliowekwa na kanuni za chama chenyewe. Suala lilifika Mahakama Kuu, likarudi Tume ya Uchaguzi, na mwishowe jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura.

Umeuliza kuhusu mtu anayekatwa. Usiku wa Dodoma haukumaliza habari ya Lowassa. Mwishoni mwa Julai 2015 alihamia Chadema, na Oktoba alipata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40, dhidi ya asilimia 58 za Magufuli. Sisemi kwamba Kamati Kuu ilikosea au ilipatia. Nasema kwamba watu milioni kadhaa walikuwa na maoni juu ya jina lililoamuliwa na watu thelathini na kitu, na chama hakikuwa na njia yoyote ya kuyapima maoni hayo kabla ya kuamua. Kungekuwa hata na kura ya ushauri ya matawi, matokeo yake yakawekwa mezani pale Kamati Kuu, wajumbe wangebaki na mamlaka yao lakini wangeamua wakijua. Hilo naliamini kwa dhati, na sioni linavunja kitu gani ndani ya chama.

Mpaka lifanyike, nafasi yako iko kwenye chaguzi za ndani. Hufanyika kila miaka mitano: 2012, 2017, 2022. Tawi linachagua wajumbe wa kwenda mkutano mkuu wa kata. Kata inachagua wa kwenda wilaya. Mkutano mkuu wa wilaya unachagua wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa, na mkoa unachagua mjumbe wake wa Halmashauri Kuu. Wengine huingia kwa nyadhifa, kama wabunge, wenyeviti na makatibu wa mikoa na wilaya, lakini mwenyekiti wa wilaya naye amechaguliwa, na waliomchagua walitoka kwenye matawi. Waliokaa Dodoma Januari 2025 ni matunda ya 2022. Waliompitisha Magufuli 2015 ni matunda ya 2012, mwaka uliopata kadi yako.

Zinazofuata ni za 2027, na zina uzito kuliko za kawaida. Ibara ya 40 ya Katiba inasema Makamu aliyerithi urais ukiwa umebaki muda wa miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu, na Rais Samia aliapishwa Machi 2021, muhula ukiwa bado na zaidi ya miaka minne. Kwa hiyo 2030 hakutakuwa na Rais aliyepo wa kuachiwa njia. Fomu zitakuwa nyingi tena, tano bora itagombaniwa, na watakaopiga kura ni wale watakaochaguliwa 2027.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa katibu wa tawi uangalie kama jina lako limo kwenye daftari la wanachama hai na ada zako zimeandikwa, maana kadi iliyokaa kabatini haikupi kura. Ulizia tarehe ya mkutano wa uchaguzi mapema, kwa sababu tangazo mara nyingi hubandikwa ofisini tu. Atakayekuja kukuomba kura ya ujumbe wa mkutano mkuu wa kata au wilaya, muulize mbele ya watu: ukifika huko utamchagua nani kutuwakilisha Dodoma, na utarudi kutuambia ulivyopiga kura? Kura ni ya siri, halazimiki kujibu la mwisho. Lakini wewe utasikia anavyojibu la kwanza. Na kama hakuna anayekuridhisha, fomu ya ujumbe inatolewa tawini, nawe una haki ya kuichukua.